Niliacha Chuo, Nikajenga Harvard

Wasee, niko na Harvard kwa keja. Sio digrii, tulia. Ni ndege. Mabawa yake ni sentimita 128 kutoka ncha hadi ncha, pua ni ya duara, ina viti viwili kimoja nyuma ya kingine kama boda, na inaning'inia juu ya kitanda changu kwa nyaya mbili za breki za baisikeli. Imejengwa kwa plaiwudi, katoni, chupa za maji na uvumilivu wa majirani. Nimeipaka rangi ya fedha na mikanda ya njano. Chini ya mabawa nimeifunga mabomu.

Tangu niweke picha zake, swali ni moja tu ila linakuja kwa njia mia: "Kijana wa Nyeri anajengaje ndege ya mbeberu?" Wengine wameuliza kwa heshima, wengine wamenitusi mimi na ukoo wote. Leo najibu. Jibu ni refu, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

NDEGE YA SHULE

Harvard ni jina ambalo Waingereza waliipa ndege ya Kimarekani, North American T-6 Texan. RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, lilikuwa na tabia ya kuzipa ndege zake za mafunzo majina ya mahali pa kusomea. Kulikuwa na Oxford, kulikuwa na Cornell, kukawa na Harvard. Kwa hivyo mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nimemaliza Harvard kwa miezi mitano na sina deni la mtu. Huo mzaha ni wangu, msiibe.

Jina lenyewe linakuambia kazi yake. Ilikuwa ndege ya shule. Mwanafunzi anakaa mbele, mwalimu anakaa nyuma. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, maelfu ya marubani walijifunzia ndani yake kabla ya kupewa ndege za kivita zenyewe kama Spitfire na Mustang. Zaidi ya 15,000 zilitengenezwa. Injini yake ni Pratt & Whitney Wasp, silinda 9 zilizopangwa kwa duara, nguvu ya farasi 600. Mwendo wake wa juu kabisa ni kama kilomita 330 kwa saa. Kwa miaka ya 1950, wakati jeti zilikuwa zimeshaanza kutawala anga, huo ni mwendo wa tuktuk kwa Thika Road.

Sasa sikia. Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya. Mwaka uliofuata, 1953, hii ndege ya shule ililetwa huku, ikafungwa bunduki ya rashasha na mabomu madogo ya kama kilo 9 kila moja, ikatumwa juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwinda wapiganaji wa Mau Mau.

Zilitoka Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, ambako RAF ilikuwa inafunzia marubani wake. Kikosi chao kiliitwa 1340 Flight. Kwa bahati tu, injini ya Harvard pia inaitwa R-1340, kwa sababu ujazo wake ni karibu inchi 1,340 za ujazo, yaani karibu lita 22. Yaani silinda moja tu ya hiyo kitu inameza kuliko injini nzima ya Probox yako. Kikosi kilifanya kazi kutoka Thika, halafu Mweiga, pale karibu na Nyeri, ambapo ukiinua macho unaona Nyandarua imekaa hapo mbele yako.

Mnamo Novemba 1953 zikaja kubwa zake, Avro Lincoln, ndege za mabomu zenye injini nne, ndugu mdogo wa Lancaster iliyopiga miji ya Ujerumani. Hizo ziliruka kutoka Eastleigh. Ndiyo, Eastleigh hii yetu ya mashuka na pilau. Uwanja wa RAF Eastleigh ndio leo unaitwa Moi Air Base. Ukiwa kwa matatu ya namba 6 au 9 unapita karibu na mahali ambapo mabomu yalipakiwa ndani ya ndege ili yakadondoshwe kwa msitu ambao babu zetu walikuwa wamejificha.

Hii kitu sikufunzwa. Shuleni tulifunzwa "taja sababu sita za vita vya Mau Mau" na "eleza matokeo sita". Nilikariri zote kumi na mbili na nikapita. Hakuna mahali niliulizwa: ni nani alikuwa juu, ni nani alikuwa chini, na walikuwa wanaonana aje.

KWA NINI KUBWA HIVI

Duniani kuna watu wengi wanaojenga mifano ya ndege. Wananunua seti za plastiki za kipimo cha 1/72, 1/48 au 1/32. Harvard ya 1/72 ina mabawa ya sentimita 18 hivi, inakaa kwa kiganja. Ya 1/32 inafika sentimita 40. Seti nzuri ya 1/32 ukiagiza nje, ukaongeza usafiri na ushuru, unapata umekula kodi ya nyumba ya miezi miwili. Mimi nikasema hapana. Nikachukua vipimo vya ndege halisi, mabawa mita 12.8 na urefu mita 8.8, nikagawanya kwa kumi. Hesabu ya darasa la tano. Nikatumia karatasi za manila kuchora kila kitu kwa ukubwa wake, nikazibandika ukutani, nikaanza kukata.

Plaiwudi ya milimita tatu nilipata Gikomba, mabaki ya fundi wa makabati. Hiyo ndiyo mbavu. Juu ya mbavu nikalaza vipande vyembamba vya mbao, halafu katoni iliyopakwa gundi ya mbao pande zote mbili hadi ikawa ngumu kama ubao. Ndege halisi ilikuwa ya chuma na alumini, lakini sehemu zinazocheza, yaani usukani wa mkia na zile ncha za mabawa zinazoinuka na kushuka, zilifunikwa kwa kitambaa. Kwa hivyo nami huko nilitumia kitambaa cha shati kuukuu. Ukikiloweka kwa gundi na maji kinajivuta, na mbavu zinaonekana chini yake kama za mbwa wa mtaa.

Injini ilinikalia wiki tatu. Ile halisi ina upana wa mita 1.31, kwa hivyo yangu ni sentimita 13, ukubwa wa kisahani. Silinda tisa nilikata kutoka kwa mpini wa fagio. Injini ya aina hii inapozwa na upepo, ndiyo maana kila silinda ina mapezi membamba ya chuma kutoka juu hadi chini. Ukitaka kuyaiga, usihangaike kuchonga. Chukua uzi mweusi wa kushonea, uzungushe kwa kijiti mstari kwa mstari bila kuacha nafasi, upake gundi, ikikauka upake rangi. Silinda moja ilinichukua karibu saa moja. Nilifanya zote tisa nikisikiliza mechi.

Kioo cha juu ni chupa ya maji ya lita tano. Unachonga umbo kwa mbao, unaliingiza ndani ya chupa iliyokatwa, unapuliza hewa moto taratibu, plastiki inajibana kwa mbao kama nguo iliyoshonwa. Harvard ina kioo kirefu chenye fremu nyingi, kama dirisha la nyumba ya zamani. Hizo fremu ni vipande vya tepu vilivyopakwa rangi.

Sasa kuna faida moja ya kujenga kubwa ambayo sikuwa nimeitarajia. Kitu kikiwa kidogo unakipenda, unakisifu, unakiita kizuri. Kikifika zaidi ya mita moja kinaanza kukutazama. Hii yangu nilipoivalisha mabawa mara ya kwanza ilijaza chumba chote, nikalazimika kutoka kwa kuinama. Na hii ni sehemu moja ya kumi. Nikafikiria Lincoln, ambayo kwa kipimo hicho hicho ingekuwa na mabawa ya mita 3.66. Bedsita yangu ni mita tatu na nusu. Ndege nzima haingeingia hata ningetoa kitanda.

SAUTI

Nilitaka kujua ilikuwa inalia aje. Harvard inajulikana kwa kelele. Marubani waliofunzwa ndani yake wanaikumbuka kwa hiyo kwanza. Sababu ni hesabu rahisi, njoo tuifanye pamoja.

Panga za mbele zina upana wa karibu mita 2.7 na zimeungana moja kwa moja na injini, hakuna gia ya kupunguza mzunguko. Wakati wa kuruka, injini inazunguka mara 2,250 kwa dakika. Hiyo ni mara 37.5 kwa sekunde. Mzingo wa duara la panga ni kama mita 8.6. Zidisha: ncha ya panga inakimbia zaidi ya mita 320 kila sekunde. Sauti yenyewe hewani inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Yaani ncha ya panga inakaribia kuipita sauti, na hewa inalia kama kitu kinachopasuliwa. Injini iko pale nyuma lakini kile unachosikia zaidi ni panga.

Nilikuwa na video ya Harvard kwa simu nilipoenda ushago Desemba. Cucu yangu anakaa upande unaotazama Nyandarua. Tulikuwa tunabambua maharagwe nje, nikamwambia, "Cucu, hebu sikia hii." Nikabonyeza.

Mikono yake ilisimama. Hakuangalia hata simu. Akaniambia, "Zima hiyo kitu, baba."

Nikazima. Akaendelea na maharagwe kwa muda, halafu akaniuliza nimeitoa wapi. Alikuwa msichana wa miaka minane wakati huo. Akaniambia ndege hizo zilikuwa zikipita asubuhi zikielekea msituni, na mama yake alikuwa anawaambia wasiangalie juu. Nikamuuliza kama ziliwahi kupiga kijiji chao. Akasema hapana, zilikuwa zinaenda msituni. "Lakini mtoto wa miaka minane angejuaje ni wapi zinaenda?"

Halafu akaniambia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa miaka yangu yote. Kaka yake mkubwa aliingia msituni 1953. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, hakuna kaburi, hakuna karatasi. Inaweza kuwa risasi, inaweza kuwa baridi, inaweza kuwa njaa. Inaweza kuwa bomu. Kwa hivyo kila asubuhi ndege zikipita, mama yao alikuwa anasimama mlangoni akihesabu ni ngapi zimeenda, na jioni akihesabu ni ngapi zimerudi, kana kwamba hiyo hesabu ingemwambia chochote kuhusu mtoto wake.

Jina la huyo guka sitaliandika hapa. Ni la familia.

RANGI

Baada ya hapo nilikaa wiki mbili bila kugusa ndege. Ilikuwa imebaki rangi tu, na sikuwa najua kama nataka kuipamba. Rangi ndiyo sehemu tamu ya hii kazi. Ndipo watu wanasema "wow". Nilijiuliza kama mama yake cucu angesema "wow".

Mwishowe niliamua nitaipaka jinsi ilivyopaswa kuwa, sawasawa, bila kuipendeza na bila kuichafua ili ionekane mbaya. Kanuni ya RAF kwa ndege za mafunzo miaka hiyo ilikuwa rangi ya fedha mwili mzima, na mikanda ya njano kuzunguka mwili na mabawa. Njano ilikuwa onyo: hapa ndani kuna mwanafunzi, kaa mbali. Ni ile ile "L" nyekundu ya gari la shule ya udereva.

Rangi nilichanganyiwa Grogon, pale Kirinyaga Road, kwa watu wa rangi za magari. Hiyo barabara yenyewe ilikuwa inaitwa Grogan Road, kwa jina la Ewart Grogan, mlowezi mkubwa wa enzi hizo. Uhuru ukaja, barabara ikapewa jina la mlima, lakini sisi bado tunasema Grogon na wengi hawajui ni jina la nani. Mimi mwenyewe nilijua nikiwa nimesimama hapo nikingoja njano yangu.

Kwa wale mnataka kujaribu, mpangilio ni huu. Piga msasa mpaka mkono usisikie kitu. Piga praima ya kijivu. Itakuonyesha kila shimo ulilodhani umeliziba. Ziba, piga msasa tena, sasa ule laini wenye maji. Usianze na fedha. Anza na njano, na chini ya njano weka nyeupe, kwa sababu njano ni rangi dhaifu, ukiiweka juu ya kijivu inatoka kama uji wa jana. Njano ikikauka, ifunike kwa tepu ya karatasi, bonyeza kingo kwa ukucha, ndipo unyunyize fedha mwili mzima. Tabaka nyembamba tatu, sio moja nzito. Mimi nilinyunyizia juu ya paa la ploti, saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo uanze, na mama wa nyumba ya pili alinipa hadi saa mbili kamili kwa sababu anataka kuanika nguo. Kanuni za RAF na kanuni za mama huyo, zote nilifuata.

Zile alama za duara, nyekundu katikati, nyeupe, halafu buluu, nilikata tepu kwa bikari. Za miaka hiyo zilikuwa na pete za upana sawa, kwa hivyo kipimo ni rahisi. Moshi wa injini unatoka upande wa kulia, kwa hivyo upande huo nikapaka unga wa makaa kuelekea nyuma. Na kwa magurudumu nilitumia udongo mwekundu wa ushago, niliouchekecha kwa soksi. Huo udongo ni wa Nyeri kweli.

TUMBO

Ukiangalia picha za mifano ya ndege, karibu zote zimepigwa kutoka juu au kutoka ubavuni. Mjenzi anatumia miezi kwa chumba cha rubani, kila saa, kila mkanda wa kiti. Tumbo la ndege linapakwa rangi haraka, maana itakaa mezani na hakuna atakayeliona. Hata picha iliyo kwa boksi inakuonyesha rubani. Yeye ndiye staa.

Lakini kwa Nyandarua hakuna mtu aliyemwona rubani. Waliona tumbo. Kama mti ulikuwa na nafasi, kwa sekunde mbili tatu, waliona fedha, njano, magurudumu mawili yamekunjwa ndani, mafuta yaliyovuja, na vitu vidogo vilivyoning'inia chini ya mabawa. Pia waliona namba. RAF iliandika namba ya kila ndege chini ya mabawa kwa herufi kubwa nyeusi zinazosomeka kutoka ardhini. Kule Uingereza mtu angeweza kuisoma na kumshtaki rubani anayeruka chini sana juu ya shamba lake. Msituni ungemshtaki kwa nani?

Kwa hivyo mimi kazi yangu kubwa nimeifanya chini. Ndiyo maana inaning'inia. Haina stendi na sitaitengenezea. Ukija kuiona, unaitazama mahali ambapo babu zako walisimama.

NA ZILISHINDA?

Hapa ndipo nataka mnisome vizuri, kwa sababu kuna watu wanafikiri nasifu silaha.

Zile ndege hazikumaliza Mau Mau. Milima ya Nyandarua inapanda hadi karibu mita 4,000, ina mianzi iliyoshikana, ukungu na mabonde. Mtu akikaa kimya chini ya mti, rubani haoni kitu. Mabomu yalipasua miti, yakajeruhi ndovu na vifaru na nyati. Serikali ikatuma pia ndege zenye vipaza sauti, zikizunguka juu ya msitu zikiwaambia wapiganaji wajisalimishe, na karatasi zikadondoshwa zikisema anayejisalimisha atoke ameshika tawi la kijani. Mwaka 1955 Lincoln zilirudi kwao na kikosi cha Harvard kikavunjwa. Dedan Kimathi alikuwa bado yuko huru. Alishikwa tarehe 21 Oktoba 1956, na waliomshika walikuwa wanatembea kwa miguu. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Kilichovunja vita vya msituni kilifanyika chini, kwa ardhi. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi katika Operesheni Anvil na kuzoa maelfu ya watu hadi kambini. Kuanzia katikati ya mwaka huo, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kufungiwa ndani ya vijiji zaidi ya 800 vyenye uzio na walinzi, ili chakula kisifike msituni. Kando ya msitu wanawake na wazee walilazimishwa kuchimba handaki lililojazwa miti iliyochongwa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa na mahakama za serikali. Hata uwanja wa ndege wa Embakasi uliofunguliwa 1958, huo ambao leo tunapigia selfi tukienda Dubai, ulijengwa na mikono ya wafungwa wa hali ya hatari.

Basi ndege zilikuwa za nini? Maoni yangu ni haya. Zilikuwa za kutisha. Zilikuwa za kumfanya mama asimame mlangoni akihesabu. Na zilikuwa za bei nafuu. Serikali ya kikoloni haikuhitaji ndege bora kwa sababu watu wa chini hawakuwa na chochote cha kuiangusha. Ndege ya shule ilitosha.

Na si sisi peke yetu. Ufaransa ilitumia ndege hii hii, T-6, dhidi ya Waaljeria. Ureno iliitumia Angola, Guinea-Bissau na hapa jirani Msumbiji. Ndege iliyotengenezwa kufundisha watu kuruka ili wapigane na Hitler ilimaliza uzee wake juu ya vichwa vya Waafrika. Ukiuliza mashabiki wa ndege wengi duniani, watakuambia Harvard ni ndege ya kupendeza, ya maonyesho, ya Jumapili. Si waongo. Ni kwamba wao waliiona kutoka juu au ubavuni.

KWA HIVYO KWA NINI NILIIJENGA

Kuna msee aliniandikia, "Ungejenga sanamu ya Kimathi badala yake." Kimathi ana sanamu tayari, imesimama kwa barabara yake katikati ya jiji tangu 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa. Na tukumbuke kwamba Mau Mau waliendelea kuwa kundi haramu kisheria hadi 2003. Miaka 40 ya uhuru, na wazee waliopigana walikuwa bado wahalifu kwa karatasi. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa kambini. Ni vizuri, na ilichelewa sana. Lakini hiyo hesabu ilikuwa ya waliotoka hai. Guka yangu hayumo. Hakuna orodha ambayo yumo.

Mashujaa tumewachonga kwa shaba. Kile walichokuwa wanakikabili hatujakichonga. Tunasema "walipigana na mkoloni" kama vile mkoloni alikuwa msee mmoja mwenye kofia na fimbo. Mkoloni alikuwa injini ya lita 22. Alikuwa karani anayeandika hati ya mafuta Eastleigh, alikuwa fundi anayefunga bomu la kilo 9 Mweiga, alikuwa kijana wa miaka yangu aliyekaa kwa kiti cha mwanafunzi akiangalia kijani kibichi chini yake na kubonyeza kitufe. Ukijenga hiyo kitu kwa mikono yako, skrubu kwa skrubu, huwezi tena kuifanya hadithi ya kuigiza. Unajua uzito wake. Unajua inahitaji watu wangapi ili iruke.

Hiyo ndiyo sababu ya mabomu. Ningeweza kuyaacha, ndege ingekuwa safi zaidi na labda ningepata watazamaji wengi bila matusi. Nimeyatengeneza kwa vifuniko vya biro na nimeyapaka rangi kwa makini kuliko kitu kingine chochote pale juu. Yakitoka, inabaki ndege ya shule.

Wiki ijayo nitaibeba hadi shule moja ya msingi, mwalimu ameniomba. Itaning'inizwa darasani kwa kamba ya dari. Nimemwambia sina digrii ya historia, akasema watoto hawajaomba digrii, wameomba ndege.

Nyinyi nawapa kazi moja tu. Kama bado uko na cucu au guka, au mzee wa jirani aliyekuwepo wakati huo, wa Nyeri, Murang'a, Embu, Meru, popote, mpigie kabla Jumapili. Usimuulize sababu sita. Muulize ilikuwa inasikika aje. Washa rekodi kwa ruhusa yake, na akinyamaza, usimharakishe. Halafu kuja uniambie hapo chini alisema nini, kama ni kitu cha kusemwa.